Mwanagenzi wa teknolojia katika kampuni kubwa ya simu: namna ya kufanya kazi hadi uaminiwe kuachiwa mtandao

Ukipokelewa kama mwanagenzi kwenye kampuni kubwa ya simu, utapewa kitambulisho, kompyuta mpakato, orodha ya mafunzo ya lazima na fundi mmoja wa kukulea. Ni nadra mtu akueleze waziwazi unapimwa kwa kitu gani. Mimi nilipita njia hiyo, baadaye nikalea wengine, kwa hiyo nakuambia: unapimwa kama unaweza kuachwa peke yako na mtandao ambao watu wanautumia dakika hii. Rauta (mtambo unaoelekeza data njia ya kupita), faiba (uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga) na programu utafundishwa, tena na watu wanaopenda kufundisha. Kuaminiwa hakufundishwi darasani. Kunatokana na tabia za kazi ambazo unaweza kuanza nazo wiki ya kwanza, hata kabla hujajua kutofautisha swichi na rauta.

Hatua ya 1: Chora mtandao mzima kwenye karatasi moja

Kazi kwenye kampuni hizi imegawanywa vipande vipande. Kuna watu wa redio na minara, wa usafirishaji wa data, wa kitovu cha mtandao, wa umeme na vipoza hewa, wa mifumo ya malipo, wa usalama, na kuna kituo cha uangalizi kinachokesha usiku na mchana. Mwanagenzi anayewekwa kwenye kona moja anaweza kumaliza mwaka bila kujua jirani yake anafanya nini, na siku mambo yakiharibika hajui ampigie nani.

Chukua tendo moja dogo: mtu anafungua ukurasa wa intaneti kwenye simu yake. Fuata safari yake yote. Simu ilipowashwa, ilijitambulisha kwa mtandao, na hifadhidata ya wateja iliyoko kitovuni ikathibitisha kwamba laini ni halali na ina haki ya huduma fulani. Ikapewa anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao. Sasa mtu anabonyeza kiungo: mawimbi yanatoka kwenye simu hadi antena ya mnara, mtambo wa redio unayageuza kuwa data, data inaondoka kituoni kwa faiba au kwa sahani za mikrowevu, inapita vituo vya kukusanyia, inafika kitovuni, mfumo wa malipo unahesabu kiasi chake, ndipo inatoka kwenda intaneti. Jibu nalo linarudi mpaka kwenye simu.

Chora hayo kwa penseli, kisha mpelekee fundi wa kila idara umwombe asahihishe kipande chake. Nimeona mara nyingi kwamba mtu asiye na muda wa kujibu maswali hupata muda wa kusahihisha mchoro wenye kosa. Kwenye kila kisanduku andika mambo matatu: idara gani inakimiliki, umeme wake unatoka wapi, na kikizimika nani anaumia.

Usiruke swali la umeme. Mitambo mingi ya simu hutumia umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) wa volti 48, tena upande chanya ndio unaounganishwa na ardhi. Mpangilio huo umerithiwa tangu enzi za simu za waya wa shaba, kwa sababu waya wenye volti hasi ukilinganishwa na ardhi hauliwi na kutu upesi. Nyuma ya umeme huo kuna betri, na mara nyingi nyuma ya betri kuna jenereta. Ukiona vituo vitatu vya jirani vimezimika kimoja baada ya kingine, uliza habari za umeme na betri kabla hujafungua mipangilio ya rauta hata moja.

Hatua ya 2: Fungua daftari, na ulifungue kila siku

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye kazi hii mali yenyewe ni unachokisikia. Siku ya kwanza utasikia vifupisho hamsini. Tenga safu tatu: kifupisho, maana yake, na nani alikitumia. Safu ya tatu ina kazi yake, kwa kuwa kifupisho kimoja hubadilika maana kutoka chumba hadi chumba. PM kwa mmoja ni matengenezo yaliyopangwa, kwa mwingine ni takwimu za utendaji wa mtandao, na kwa wa tatu ni meneja wa mradi.

Andika pia amri ulizoona zikitumiwa, kwenye mtambo gani, na zilileta nini. Usiandike nenosiri, hata kwa muda, hata kwa mafumbo.

Jambo moja linalotusumbua sisi tunaosema Kiswahili ni saa. Tunahesabu saa kuanzia alfajiri na magharibi, mitambo inahesabu kuanzia usiku wa manane, na mara nyingi kumbukumbu zake zimewekwa kwa saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima. Ukisema kwenye simu "ilizimika saa nane", mmoja ataelewa 08:00, mwingine 14:00, mwingine 02:00. Kwenye maandishi yote ya kazi tumia tarakimu nne na utaje ni saa za wapi: 14:00 UTC. Nimeshuhudia watu wawili hodari wakibishana kwa muda mrefu juu ya chanzo cha hitilafu, kumbe wanazungumzia saa mbili tofauti.

Hatua ya 3: Heshimu ruhusa ulizopewa

Utapewa njia ya kuingia kwenye mifumo. Huenda baadhi ya mifumo hiyo inaonyesha nani alimpigia nani, lini, na simu yake ilikuwa karibu na mnara gani. Usitafute namba ya mtu yeyote isipokuwa kazi iliyoandikwa kwenye tiketi (rekodi ya hitilafu au kazi kwenye mfumo) inakutaka ufanye hivyo: si ya rafiki, si ya mchumba, si ya mtu maarufu, si hata yako mwenyewe kwa kujaribu. Kila utafutaji unaacha alama yenye jina lako. Lakini hata kama usingeacha, mteja aliyenunua laini hakukupa wewe maisha yake uyachungulie. Hapa sina maneno laini: nikimkuta mwanagenzi ametafuta namba isiyomhusu, sitaomba aongezewe nafasi.

Ukihamishwa idara, omba ruhusa za zamani zifungwe. Wakubwa huliona hilo hata wasipolisema.

Hatua ya 4: Jifunze hesabu ya desibeli mpaka uifanye kichwani

Ukijifunza hesabu moja tu mwaka huu, iwe hii. Nguvu ya mwanga kwenye faiba na ya mawimbi hewani hupimwa kwa dBm, yaani desibeli (dB) zikilinganishwa na miliwati 1, kwa hiyo 0 dBm ni miliwati 1. Shika kanuni mbili: kila dB 3 zinazopotea, nguvu inabaki nusu, kila dB 10 zinazopotea, inabaki sehemu moja ya kumi. Uzuri wake ni kwamba kuzidisha na kugawanya kunageuka kujumlisha na kutoa.

Tufanye mfano. Mtambo unatuma mwanga wa +3 dBm kwenye faiba inayogawanywa kwa nyumba 32. Kugawanya kwa 32 ni kukata nusu mara tano, yaani dB 15, na kigawanyi chenyewe kinapoteza kidogo, hivyo tuseme 17. Faiba ina kilomita 10, nasi tukadirie dB 0.35 kwa kila kilomita: 3.5. Kuna viungio vinne vya kuchomeka, tuvikadirie dB 0.5 kila kimoja: 2. Jumla ya upotevu ni 22.5. Toa kwenye +3, unatarajia karibu −19.5 dBm nyumbani kwa mteja.

Sasa kifaa chako cha kupimia kinasoma −27. Zimepotea dB 7.5 zisizo na maelezo, yaani mwanga uliofika ni chini ya moja ya tano ya uliotarajiwa. Mwanagenzi asiyejua hesabu hii atasema "mwanga upo". Wewe utasema "kuna kitu njiani kinakula dB 7.5", na fundi yeyote atakugeukia.

Kitu hicho ni nini? Anza na uchafu. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi, ambapo unywele wa binadamu huwa kati ya mikromita 50 na 100. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kukiziba. Kagua kiungio kwa darubini yake, kisafishe, kikague tena, ndipo uchomeke. Kama uchafu sio, pima kwa mawimbi ya nanomita 1310, kisha 1550. Faiba iliyokunjwa kupita kiasi huvujisha mwanga wa 1550 zaidi sana kuliko wa 1310. Upotevu ukilingana kwa yote mawili, shuku kiungio au mahali faiba ilipoungwa. Jaribio hilo la dakika chache linaweza kukuokoa na siku nzima ya kufukua kebo nzima isiyo na kosa.

Hatua ya 5: Kwenye mnara na kwenye chumba cha mitambo

Hapa usisome kwa haraka.

Mwanga unaopita kwenye faiba hauonekani kwa macho. Usichungulie ncha ya faiba kuona kama "inawaka", kwa sababu inaweza kukuunguza jicho wala usione kitu. Vipande vya faiba ulivyokata ni kama miiba ya kioo: vitie kwenye chombo chake, usivifute kwa mkono, na usile chochote mezani pale.

Kwenye betri vua pete, saa na mkufu. Volti 48 zinaweza kuonekana ndogo, lakini betri za kituo zinaweza kutoa mkondo mkubwa kiasi cha kuyeyusha spana iliyoangukia nguzo mbili. Betri za risasi na asidi zikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo chumba kiwe na hewa inayopita na pasiwe na cheche.

Usipande mnara kama hujafunzwa na kuidhinishwa kupanda, hata bosi akiwa na haraka. Aliyeidhinishwa hupanda na kamba mbili za usalama ili moja iwe imeshika muda wote anapohamisha nyingine. Kabla ya kupita mbele ya antena inayotuma mawimbi, hakikisha nguvu yake imezimwa au imepunguzwa na kwamba kituo cha uangalizi kimethibitisha. Una haki ya kusema "sipandi, hapa si salama". Nilipokuwa mwanagenzi fundi wangu aliniambia, "Mwanangu, mnara utakuwepo kesho." Hata mimi nikilea vijana ndiyo sentensi ninayoanza nayo.

Hatua ya 6: Andika tiketi ambayo mtu wa zamu ya usiku ataielewa

Kila hitilafu ina tiketi, na tiketi ndiyo sauti yako usipokuwepo. Wengi huandika: "Nimeangalia, iko sawa." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Linganisha na hii (sekta ni upande mmoja wa eneo linalohudumiwa na kituo):

"09:40 UTC. Sekta ya 2 ya kituo imezimika tangu 08:12. Sekta ya 1 na ya 3 zinafanya kazi, kwa hiyo umeme wa kituo na njia ya kwenda kitovuni ni nzima. Badiliko la mwisho: programu ya redio ilisasishwa jana 23:30. Kuna alamu ya mwanga hafifu kwenye faiba inayokwenda redio ya sekta ya 2. Sijagusa kitu. Naomba fundi wa redio akague kiungio hicho."

Angalia mpangilio. Kwanza kilichoharibika na tangu lini. Kisha kisichoharibika, maana kinachofanya kazi ndicho kinachofunga nusu ya milango ya kutafuta. Kisha badiliko la mwisho, kwa kuwa mtandao uliokuwa mzima jana mara nyingi umeguswa na mtu. Kisha ushahidi. Halafu yale maneno mawili, "sijagusa kitu", ambayo humfanya anayepokea tiketi aanze kazi bila wasiwasi. Kama uligusa, andika uligusa nini, hata kama hakikusaidia.

Ukitafuta chanzo, panda kutoka chini: umeme, waya au faiba, kiungo kati ya mitambo miwili, anwani na njia za IP, kisha programu. Mwanagenzi hupenda kuanzia juu kwa sababu ndiko kunakovutia.

Pia jua kwa nini dakika zinahesabiwa. Mtandao ulioahidiwa kuwa hewani asilimia 99.9 ya mwaka unaruhusiwa kuzimika kwa saa 8 na dakika 45 tu. Ukiahidiwa asilimia 99.999, zinabaki dakika 5 na sekunde 15 kwa mwaka mzima. Muda unaotumia kutafuta aliyeandika "iko sawa" unatoka humo.

Hatua ya 7: Siku yako ya kwanza kubadilisha kitu kwenye mtandao hai

Siku hii itakuja, kwa kawaida usiku wa manane, ndani ya muda uliotengwa kwa matengenezo. Mbele yako kutakuwa na hati ya mabadiliko. Usikubali kuanza kabla hujaweza kujibu, kwa maneno yako mwenyewe: nabadilisha nini, nitajuaje kwamba kimefanikiwa, na nikishindwa narudije nilikotoka. Jibu la tatu liwe amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa. "Tutaona" si njia ya kurudi.

Wakubwa wetu walilipa sana kujifunza hili. Tarehe 15 Januari 1990, mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T nchini Marekani uliyumba kwa takriban saa tisa. Kosa dogo kwenye msimbo wa lugha ya C, lililoingia na programu mpya iliyowekwa wiki chache kabla, lilifanya mtambo mmoja uliojizima na kuamka uwaangushe majirani zake, nao wakaamka na kuwaangusha wengine, hivyo hivyo kwenye mitambo 114. Mitambo yote ilikuwa imepewa programu ileile. Ndiyo maana leo programu mpya huanzia kwenye mitambo michache, ikaachwa siku kadhaa, ndipo ikasambazwa.

Tarehe 8 Julai 2022 huko Kanada, mtandao wa Rogers ulianguka na kuwaacha wateja zaidi ya milioni 12 bila huduma. Wakati wa kuboresha kitovu, kichujio cha njia za IP kiliondolewa kwenye rauta, na njia nyingi mno zikafurika hadi rauta za kitovuni zikazidiwa. Ilikuwa awamu ya sita kati ya saba. Awamu za mwanzo zilikwenda vizuri, na hatari ya kazi ikashushwa daraja. Juu ya hayo, wafanyakazi walitegemea mtandao huohuo kuwasiliana na kuingia kwenye mitambo, kwa hiyo kutengeneza kukawa kugumu. Jiulize nawe kabla ya kuanza: nikijikata mwenyewe, nitaingiaje? Je, kuna njia ya pembeni, au mtu aliyesimama karibu na mtambo?

Mitambo mingine inakusaidia. Rauta za Juniper zina amri ya commit confirmed: usipothibitisha badiliko ndani ya dakika 10, rauta inarudi yenyewe ilivyokuwa. Kwenye rauta za Cisco unaweza kutangulia na reload in 10, na ukijifungia nje bila kuhifadhi badiliko, rauta itajiwasha upya na mipangilio ya zamani. Mambo yakienda sawa, kumbuka kuifuta amri hiyo kabla muda haujafika.

Mimi nilizima mlango wa rauta isiyo yenyewe. Nilikuwa na madirisha mawili kwenye kioo, ya rauta mbili zenye majina yanayofanana, nikaandika amri sahihi mahali pasipo sahihi. Alamu zilianza kumiminika. Nikamwambia fundi wangu papo hapo, "Nimezima hapa, si pale." Hakufoka. Aliniuliza, "Jina la mashine linasemaje?" nikalisoma kwa sauti, akaniambia nirudishe, nikarudisha. Dakika nne zilipotea. Kesho yake aliniambia kwamba kama ningenyamaza dakika kumi nikijaribu kujificha, angeomba nihamishwe. Tangu siku hiyo nafungua dirisha moja tu, na nasoma jina la mashine kwa sauti kabla ya kubonyeza, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Hatua ya 8: Kuuliza, na kuandika programu ndogo

Kuuliza si ujinga, lakini swali liandaliwe: nataka kufanya hiki, nimejaribu hiki na hiki, nimepata jibu hili, nimekwama hapa. Ukikwama nusu saa kwenye kitu kimoja, uliza. Mtandao ukiwa unaungua, uliza mara moja.

Kuhusu programu, jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kiasi cha kuingia kwenye mitambo 200 na kukusanya takwimu. Anza na amri za kusoma tu. Ukishaweza kuandika amri ya kubadilisha, kosa lako nalo litafika mitambo 200 kwa sekunde chache, kwa hiyo programu hiyo ipite mikononi mwa mtu mwingine kwanza.

Hatua ya 9: Miezi ya mwisho

Kila Ijumaa andika mistari mitano: nilifanya nini, kwenye mtambo gani, nani aliona, nini kilibadilika, nini sijakielewa. Usiandike humo siri za kampuni, anwani za mitambo wala habari za wateja. Muda wa kuomba ajira ukifika, wenzako watasema "nilishiriki kwenye mradi". Wewe utasema ulikagua viungio vingapi, uliandika tiketi ngapi zilizofungwa bila kurudishwa, na ulisimamia badiliko gani tangu hati hadi asubuhi yake. Miezi mitatu kabla ya mwisho, mwombe fundi wako akutajie kazi moja ambayo bado asingekuachia ufanye peke yako. Ifanyie kazi hiyo miezi yote iliyobaki.

Wiki ya kumaliza, rudisha funguo za vituo na vifaa vya kupimia, uandikiwe kwamba vimepokelewa. Omba ruhusa zako zifungwe. Kabidhi tiketi zilizobaki moja moja, kwa mazungumzo. Ule mchoro wa penseli, uliojaa masahihisho ya watu wa kila idara, uchore upya kwa usafi umwachie mwanagenzi anayekuja, na wa zamani ubaki ofisini pamoja na daftari lenye mambo ya kampuni.